Alexander Fleming na Vijidudu Visivyosikia Dawa

Jina la Alexander Fleming si geni kwenu. Kila aliyepita darasa la sayansi amekutana nalo: ndiye bwana wa Uskoti aliyegundua penisilini mwaka 1928. Vitabu vya shule humsimulia kwa mistari michache, yaani kisahani kilichoachwa mezani, ukungu ulioota juu yake, dawa, kisha Tuzo ya Nobel, na mwanafunzi hugeuza ukurasa. Sisi tuliokaa na chaki mkononi miaka mingi twajua kwamba mistari hiyo haitoshi. Fleming hakuwa mtu wa bahati ya siku moja. Tangu vita vya ujana wake hata uzee alirudi mara kwa mara kwenye swali moja: kwa nini dawa ile ile huua vijidudu hivi na kuviacha vile? Na swali hilo linawasumbua madaktari wa leo kuliko lilivyowasumbua wale wa wakati wake.

Alizaliwa tarehe 6 Agosti 1881 katika shamba la Lochfield, karibu na mji mdogo wa Darvel, upande wa kusini-magharibi wa Uskoti. Baba yake, Mzee Hugh Fleming, alikuwa mkulima aliyefiwa na mke wa kwanza, akaoa tena akikaribia umri wa miaka 60. Mke huyo wa pili, Bibi Grace Morton, alimzalia watoto 4, na Alexander alikuwa wa tatu. Alikuwa na miaka 7 tu baba yake alipofariki. Mama akabaki na shamba pamoja na watoto wa matumbo mawili, na tunaambiwa kwamba walilelewa bila ubaguzi. Shule yake ya kwanza ilikuwa ndogo, huko huko nyikani. Baadaye alikwenda ile ya Darvel kwa miguu, maili kadhaa kwenda na maili kadhaa kurudi, mvua isimame isisimame. Njiani yalikuwamo mayai ya ndege ya kutafuta, na samaki wa mtoni wa kushika kwa mikono, kazi ambayo asiyejua kutulia na kutazama haiwezi.

Hapa hatuna budi kusimama kidogo. Iko hadithi inayopenda sana kutembea, hata mimbarini: ati mkulima Fleming alimwokoa mtoto Winston Churchill aliyekuwa akizama matopeni, na baba wa mtoto akalipa masomo ya Alexander kwa shukrani, ati miaka mingi baadaye penisilini ikamponya Churchill yule yule. Ni hadithi tamu, lakini si ya kweli. Fleming mwenyewe aliikana. Churchill alipougua nimonia huko Afrika ya Kaskazini mwezi Desemba 1943 alitibiwa kwa dawa ya jamii ya salfa, si penisilini. Tungewaomba wanaopenda kuitumia katika mafundisho waiache, maana habari ya kweli yatosha.

Habari ya kweli ni kwamba kijana huyo, akiwa na miaka 13 hivi, alikwenda London kukaa na kaka yake Tom aliyekuwa daktari. Alisoma kidogo katika shule ya Polytechnic ya Regent Street, kisha akawa karani katika kampuni ya meli kwa miaka 4, kazi ambayo haikumpendeza. Mwaka 1901 urithi mdogo kutoka kwa ami yake ulimpa nafasi ya kuingia chuo cha udaktari cha hospitali ya St Mary's, mtaa wa Paddington. Alikichagua chuo hicho kwa sababu aliwahi kucheza mpira wa majini dhidi ya timu yao! Alipofuzu mwaka 1906 alifikiria kuwa daktari wa upasuaji, lakini wenzake wa chama cha kulenga shabaha hawakutaka kumpoteza hodari wao wa bunduki, nao wakamtafutia kazi hapo hapo, katika maabara ya Sir Almroth Wright, bingwa wa chanjo. Akakaa St Mary's karibu miaka 50. Wazazi wanaohangaika kwamba kijana wao hajui atakuwa nani na wajipe moyo kwa hayo.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, Wright na watu wake walipelekwa Boulogne, Ufaransa, wakafungua maabara katika jengo lililokuwa kasino. Huko Fleming aliwaona vijana wakifa, si kwa risasi yenyewe, bali kwa vidonda vilivyooza. Madaktari walimimina ndani ya vidonda dawa kali za kuua vijidudu, wakiamini ndiyo njia. Fleming akafanya jambo lililoonekana la mchezo. Alichukua neli ya kioo, akailainisha kwa moto, akaivuta huku na huku mpaka ikawa na miiba yenye uwazi ndani, mfano wa kidonda cha kombora chenye vichochoro vingi. Akaijaza majimaji yenye vijidudu, akayamwaga. Akatia dawa kali, ikakaa, akaimwaga. Kisha akatia majimaji safi akangoja. Siku ya pili neli ilikuwa imejaa vijidudu tele, kwani vile vilivyojificha ndani ya miiba dawa haikuvifikia. Isitoshe, alionyesha kwamba dawa zile ziliua chembe nyeupe za damu, ambazo ndizo askari wa mwili wetu, kwa urahisi zaidi kuliko zilivyoua maadui. Wakubwa wengi wa jeshi hawakusikia. Lakini tangu hapo Fleming alikuwa na desturi ya kuuliza, si dawa imeua nini tu, bali imebakiza nini.

Katikati ya vita, mwezi Desemba 1915, alimwoa Sarah McElroy, muuguzi kutoka Ireland, na mwaka 1924 wakapata mtoto wao wa pekee, Robert, ambaye naye alikuja kuwa daktari.

Mwaka 1921, akiwa na mafua, Fleming alichukua kamasi zake mwenyewe akazitia katika kisahani chenye vijidudu. Tusicheke. Vijidudu vilivyokuwa karibu na kamasi viliyeyuka. Alikuwa amegundua kitu kilichopewa jina la lisozimu, kilichomo katika machozi, mate na ute mweupe wa yai. Kwa majuma kadhaa ilikuwa taabu kuingia katika maabara ile, maana watu walikamuliwa limau machoni ili watoe machozi ya kuchunguza, na vijana wa kazi wakalipwa senti chache kwa kulia.

Lisozimu haikuwa dawa kubwa, kwa kuwa iliua zaidi vile vijidudu visivyotudhuru. Mtu mwingine angeacha hapo. Fleming aligeuza swali: ikiwa kitu hiki kimo katika kila chozi na kila mate, hivi vijidudu vinavyotuletea magonjwa vinaishije mwilini mwetu? Pamoja na mwenzake kijana, Dokta Allison, alichukua vijidudu vinavyokufa upesi kwa lisozimu, akavipa kiasi kisichotosha kuviua vyote, akachukua vilivyosalia, akaviotesha, akavipa tena. Baada ya kurudia hivyo mara nyingi walipata kizazi kisichoijali lisozimu. Walichapisha habari hizo mwaka 1927. Angalieni tarehe hiyo. Penisilini haijajulikana bado, wala neno usugu wa dawa halijawa neno la magazetini, na tayari Fleming ameona kwa macho yake jinsi dawa pungufu inavyolea adui mgumu.

Sasa tufike mwaka 1928, na kwa ufupi, maana sehemu hii yajulikana. Fleming hakuwa mtu wa kupanga meza. Visahani vyake vilikaa majuma mengi kabla ya kuoshwa, naye kabla ya kukitupa kila kimoja alikitazama kwanza. Mwanzoni mwa Septemba, aliporudi kutoka likizo, alikuta kisahani kimoja kimeingiliwa na ukungu, ndugu wa ule unaoota juu ya mkate uliolala. Kuzunguka ukungu huo, vijidudu viitwavyo stafilokoki, ambavyo huleta majipu na kuozesha vidonda, vilikuwa vimeyeyuka. Aliuotesha ukungu katika mchuzi, akautumia mchuzi huo ambao baadaye aliuita penisilini. Hata ukizimuliwa mara 800 bado ulizuia stafilokoki kukua, wala haukumdhuru sungura.

Lililofuata halimo sana katika vitabu vya shule, nasi tunaomba mlitazame vizuri. Fleming alikata mfereji mwembamba katika chakula cha vijidudu kilichoganda kisahanini, akaujaza penisilini. Kisha akapanda mistari ya vijidudu vya aina mbalimbali, kila mstari ukianzia ukingoni mwa mfereji kwenda mbali nao, kama mkulima apandaye mbegu tofauti kwenye matuta yanayoshukia mtoni. Baada ya muda alitazama. Mistari mingine ilikuwa imekomea mbali na mfereji, haithubutu kusogea: ya stafilokoki, ya streptokoki wa koo, ya nimonia, ya kisonono, ya dondakoo. Mistari mingine ilikua mpaka ukingoni kana kwamba mfereji una maji matupu: ya vijidudu vya homa ya matumbo, ya vile vikaavyo utumboni, na ya kile kilichodhaniwa wakati ule kuwa kijidudu cha influenza.

Picha ya kisahani hicho imo katika makala yake ya mwaka 1929. Kwa hiyo makala ya kwanza kabisa ya penisilini ilieleza mambo mawili kwa pamoja, nguvu ya dawa na mipaka yake. Tena Fleming aliitumia mipaka hiyo kwa faida. Kama vile palizi iondoavyo magugu na kuacha mmea, penisilini iliondoa vijidudu vingine kisahanini na kumwachia kile cha influenza, ili apate kukitumia katika kutengeneza chanjo. Kwa miaka 10 hivi hiyo ndiyo iliyokuwa kazi kubwa ya penisilini hapa duniani: kibarua wa maabara.

Wasaidizi wake Craddock na Ridley walijaribu kuisafisha, wakafika mbali lakini hawakumaliza. Alipoisoma habari yake mbele ya chama cha watafiti mwezi Februari 1929, hakuna aliyeuliza hata swali moja. Kwa jicho la ualimu twasema, bila kumdharau, kwamba hakuwa msemaji. Sauti yake ilikuwa ndogo, maneno yake machache, na hakuwa na ule ufundi wa kumfanya msikilizaji ainuke kitini. Jambo likalala.

Walioliamsha ni watu wa Oxford: Howard Florey, mzaliwa wa Australia, Ernst Chain aliyeikimbia Ujerumani ya Hitler, na Norman Heatley aliyekuwa fundi wa ajabu wa vyombo vya maabara. Tarehe 25 Mei 1940 waliwatia panya weupe 8 streptokoki wa kufisha. Wanne walipewa penisilini wakaishi. Wanne wasiopewa hawakuiona asubuhi. Fleming aliposoma habari hizo alikwenda Oxford kuona, na inasemekana Chain alishangaa, maana alidhani bwana huyo amekwisha kufa zamani.

Mwaka huo huo Chain na Edward Abraham waligundua jambo lililopaswa kuwatia watu wasiwasi. Baadhi ya vijidudu hutoa kimeng'enya kinachoivunja penisilini kabla haijafanya kazi, kama mtu anayekuvunjia panga kabla hujaliinua. Walilitangaza mwezi Desemba 1940, na Oxford ilikuwa bado haijatibu mgonjwa hata mmoja.

Mgonjwa wa kwanza kutibiwa kwa dawa yao alikuwa askari polisi wa miaka 43, ambaye uso na mwili wake ulikuwa umejaa usaha na jicho moja limekwisha kuondolewa. Alianza kuchomwa sindano tarehe 12 Februari 1941. Siku chache zikapita, homa ikashuka, akaanza kula. Lakini dawa ilikuwa haba kiasi kwamba waliukusanya mkojo wake wakakamua humo penisilini iliyotoka mwilini, wakamrudishia. Ikaisha kabisa. Vijidudu vilivyosalia vikainuka tena, naye akafariki tarehe 15 Machi. Hakushindwa na usugu mtu huyo. Alishindwa na uchache wa dawa. Wote waliokuwapo waliona kitanda kile, na walijua tangu siku hiyo maana ya matibabu yaliyokatika njiani.

Fleming naye alipata mgonjwa wake mwezi Agosti 1942, mtu aliyekuwa akifa kwa homa ya uti wa mgongo iliyoletwa na streptokoki. Alimpigia Florey simu, na Florey, kwa moyo mwema ambao twapaswa kuukumbuka, akampa penisilini aliyokuwa nayo. Sindano za msulini zilimpa mgonjwa nafuu kidogo, kisha akarudi nyuma. Fleming akapima maji ya uti wa mgongo, akaona kwamba dawa haifiki huko. Wale wanaokumbuka neli ya miiba ya Boulogne wataelewa kwa nini hakukata tamaa. Aliichoma penisilini ndani ya uti wa mgongo wenyewe, na mgonjwa akapona.

Basi magazeti yakampata shujaa wao. Florey hakuwapenda waandishi wa habari, akawafungia mlango. Fleming aliwapokea, na sifa zikaelekea kwake. Kwa maoni yetu watu wa Oxford walipunjwa. Fleming aligundua, wao wakafanya dawa, na kazi ya pili ilikuwa ngumu kama ya kwanza. Mwaka 1944 Fleming na Florey walipewa cheo cha Sir, na mwaka 1945 Tuzo ya Nobel ikagawiwa watatu, Fleming, Florey na Chain. Heatley hakupata kitu, nasi tunamtaja hapa walau kwa heshima.

Wakati huo penisilini ilikuwa imekwisha kutengenezwa kwa wingi Marekani, katika mapipa makubwa ya chuma, na maelfu ya askari waliojeruhiwa walikuwa wamepona kwayo. Dunia nzima ilishangilia. Mtu angetegemea kwamba Fleming, aliposimama Stockholm tarehe 11 Desemba 1945 kutoa mhadhara wake wa Nobel, angeshangilia pia. Alieleza kazi yake kwa maneno ya kawaida kabisa, kisha mwishoni akaonya. Alisema si kazi ngumu kuvifanya vijidudu vya maabara viizoee penisilini. Yatosha kuvipa kiasi kisichoviua, na jambo hilo hilo limekwisha kutokea mara nyingine ndani ya miili ya watu. Aliona siku inakuja ambapo mtu yeyote ataweza kuinunua dukani, na mtu asiyejua atajipa kidogo kuliko inavyotakiwa.

Ndipo akatoa mfano, kama afanyavyo mwalimu. Bwana mmoja, aliyemtaja kwa herufi tu, anaumwa koo. Ananunua penisilini, anajitibu mwenyewe, kiasi kisichotosha kuua streptokoki bali kinachotosha kuwafundisha kuistahimili. Anamwambukiza mkewe. Mke anapata nimonia, anatibiwa kwa penisilini, na dawa haifui dafu tena. Mke anakufa. Fleming akauliza ni nani aliyemwua, akajibu mwenyewe kwamba ni yule mume, kwa uzembe wake na dawa.

Bwana huyo sisi sote twamjua, maana ni jirani yetu. Ana mafua, anaingia duka la dawa, anaomba vidonge vya rangi mbili vya shilingi alizo nazo mfukoni, pengine vinne, pengine sita. Anameza siku mbili, anasikia nafuu ambayo ingekuja yenyewe, kwa kuwa mafua huletwa na virusi na dawa hizi haziviwezi hata kidogo. Vilivyobaki anavifunga katika karatasi, anaviweka juu ya kabati kwa ajili ya mtoto. Hatumcheki, maana daktari yu mbali na foleni ni ndefu. Lakini hesabu iliyotolewa na wataalamu mwaka 2022 yasema kwamba katika mwaka 2019 peke yake watu kama milioni 1.27 walikufa ulimwenguni kwa sababu vijidudu vilivyowashika havikusikia dawa, na mzigo mzito zaidi ulikuwa Afrika, kusini mwa Sahara.

Twapaswa pia kusema pale ambapo elimu imepita mfano wa Fleming. Kwanza, streptokoki wale wa koo aliowataja hata leo hawajaishinda penisilini. Walioishinda ni wengine, hasa stafilokoki. Pili, vijidudu havifundishwi kama wanafunzi. Mwaka 1952 Joshua na Esther Lederberg, mtu na mkewe huko Marekani, walionyesha kwa ufundi mzuri kwamba katika mamilioni ya vijidudu wamo wachache waliozaliwa tofauti, wenye kustahimili dawa ambayo hawajaionja kamwe. Dawa inapokuja huwaondoa wengine wote na kuwaachia hao shamba. Na kwa kuwa baadhi ya vijidudu hugawanyika kila baada ya dakika 20, yule mmoja aliyebaki jioni aweza kuwa na ukoo wa mamilioni asubuhi. Baadaye, kwa utafiti wa Wajapani juu ya kuhara damu, ilijulikana kwamba vijidudu hupeana usugu huo kama watu wapeanavyo mbegu, hata vya jamii mbalimbali. Tatu, madaktari wa siku hizi hawasemi kwamba siku nyingi za kumeza ni bora daima. Kwa magonjwa kadhaa siku chache zimeonekana kutosha. Wanachosisitiza ni kumeza kama ulivyoandikiwa, na kutomeza kabisa dawa usiyoihitaji.

Onyo la Stockholm halikungoja sana. Katika hospitali ya Hammersmith, London, alikuwapo daktari wa vijidudu, Bibi Mary Barber, mtu wa kuhesabu kwa uangalifu. Alikusanya stafilokoki kutoka kwa wagonjwa, akazijaribu moja moja. Mwaka 1946 aliona kama asilimia 14 zinaikataa penisilini. Mwaka 1947 zilikuwa asilimia 38. Mwaka 1948, asilimia 59. Miaka miwili tu! Tena alionyesha kwamba stafilokoki hao sugu hawakutokea upya ndani ya kila mgonjwa. Walikuwa wa koo zile zile chache, wakitembea kutoka kitanda hadi kitanda, puani na mikononi mwa watu wa hospitali wenyewe. Walikuwa na kile kimeng'enya cha Chain na Abraham. Wakati huo huo, mwaka 1947, Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuzuia penisilini isiuzwe bila cheti cha daktari.

Miaka ya mwisho ya Fleming ilikuwa ya safari na heshima. Alizunguka nchi nyingi, akapewa shahada nyingi za heshima, na mwenyewe aliwagawia wakubwa vipande vya ule ukungu vilivyokaushwa ndani ya vioo vidogo, zawadi ambayo si kila mfalme angejua pa kuiweka. Sarah alifariki mwaka 1949, naye akahuzunika sana, akawa anajifungia katika maabara. Mwaka 1953 alimwoa Amalia Koutsouri-Vourekas, Mgiriki, mtaalamu wa vijidudu aliyefanya kazi katika maabara yake. Tarehe 11 Machi 1955 moyo wake ulisimama, nyumbani kwake London, akiwa na miaka 73. Majivu yake yamewekwa chini ya Kanisa Kuu la St Paul's, mahali wanapolala Nelson na Wellington, watu wa mizinga. Msomaji atakayebahatika kufika London anaweza kushuka ngazi akapaona.

Baada ya kifo chake mbio ziliendelea. Wanakemia walitengeneza penisilini mpya isiyovunjwa na kile kimeng'enya, methisilini, nayo ikaanza kutumika kati ya miaka 1959 na 1960. Mwaka 1961 ikatangazwa, hapo hapo Uingereza, kwamba stafilokoki wanaoikataa hiyo nayo wamekwisha kuonekana.

Mary Barber hakukubali kwamba safari ni ya upande mmoja tu. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alirudi Hammersmith, na pamoja na wenzake wakaweka taratibu mpya wodini. Penisilini haikutolewa ovyo tena; dawa nyingine zilitolewa mbili mbili kwa pamoja, ili kijidudu kitakachoponyoka moja kinaswe na ya pili; na wagonjwa walilindwa wasiambukizane. Kisha akahesabu tena, kwa uangalifu ule ule wa mwaka 1946. Mwaka 1960 walichapisha matokeo: stafilokoki sugu katika hospitali ile walikuwa wamepungua. Alifariki katika ajali ya barabarani mwaka 1965, akiwa bado kazini.